Exhuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nani kapewa sauti na nani kageuzwa zimwi

Tahadhari kwa ambaye hajaitazama: majibu haya yanafichua kisa chote, pamoja na mwisho.

Exhuma ni filamu gani?

Kwa Kikorea inaitwa Pamyo, maana yake kufukua kaburi. Iliandikwa na kuongozwa na Jang Jae-hyun. Ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Berlin Februari 2024, na tarehe 22 ya mwezi huohuo ikaingia kwenye kumbi za Korea Kusini. Ina dakika 134 na imegawanywa katika sura sita. Korea ilipewa daraja la miaka 15 na kuendelea. Iliuza tiketi zaidi ya milioni 11 katika nchi yenye watu wapatao milioni 51. Kwa filamu ya mizimu na majeneza, hayo si mauzo ya kila mwaka.

Kisa ni hiki. Familia tajiri ya Kikorea iliyohamia Los Angeles inasumbuliwa na laana inayowaandama wazaliwa wa kwanza, na sasa kitoto kichanga hakiachi kulia. Lee Hwa-rim (Kim Go-eun), ambaye ni mudang, yaani mganga wa mizimu wa Kikorea, na msaidizi wake Yoon Bong-gil (Lee Do-hyun) wanagundua kwamba babu aliyezikwa Korea amelazwa mahali pabaya. Wanamwita Kim Sang-deok (Choi Min-sik), mjuzi wa kusoma ardhi, na Ko Yeong-geun (Yoo Hae-jin), mtu wa shughuli za mazishi. Wanafukua kaburi. Chini yake wanakuta jeneza la pili, kubwa, limesimamishwa wima.

Waigizaji karibu wote ni Wakorea. Hapo utofauti uko wapi?

Anayetafuta rangi za ngozi ataondoka mikono mitupu. Utofauti wa filamu hii uko ndani ya jamii ya Wakorea wenyewe, na kipimo chake ni kazi za watu. Mashujaa wanne wote wanakula kwa kazi ambazo familia zenye jina huziita usiku na kuzikana asubuhi: kupunga mizimu, kusoma ardhi, kuosha na kuzika maiti. Enzi ya ufalme wa Joseon (1392–1910) mudang walihesabiwa katika tabaka la chini kabisa, cheonmin. Wasomi wa Kikonfusio waliwadharau, utawala wa Kijapani ukawabana, na miaka ya 1970 kampeni ya serikali ya kujenga vijiji vipya, Saemaul, ikabomoa vihekalu vyao kwa jina la kufuta ushirikina.

Ndiyo maana mudang anayevaa koti la ngozi, anayepanda ndege kwenda Marekani na kutaja bei yake bila haya ni jambo zito kwa mtazamaji wa Seoul. Umri nao uangaliwe. Choi Min-sik alizaliwa 1962, Lee Do-hyun 1995, na hakuna kati yao aliyewekwa pale kuwa mapambo ya mwenzake.

Mudang ni mchawi?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloweza kuiua filamu nzima kwa Kiswahili. Mchawi hudhuru kwa siri. Mudang huitwa kwa miadi, hulipwa mchana kweupe, na kazi yake ni kupatanisha walio hai na wafu. Neno lililo karibu zaidi ni mganga wa pepo, yule wa kilingeni mwenye ngoma, mavazi na masharti.

Mtu wa pwani atauelewa mpango huu haraka kuliko Mzungu. Mudang wa aina ya gangsinmu huanza kwa kuugua. Anapata maradhi yasiyoonekana hospitali, yanayoitwa sinbyeong, mpaka akubali wito na afanyiwe tambiko la kuingizwa. Linganisha na mtu wa Unguja au Mombasa anayesumbuliwa na pepo hadi apungwe, kisha akaja kuwa mganga mwenyewe. Bong-gil ni mfano: alikuwa mchezaji wa besiboli, maradhi ya wito yakamtoa uwanjani. Aina ya pili, seseummu, hurithi kazi kwa ukoo bila kupagawa.

Kuna tofauti moja ya kukumbuka. Mudang wengi ni wanawake, na mwanaume mwenye kazi hiyo ana jina lake tofauti, paksu. Kwa hiyo mwanamke kuongoza tambiko si kitu ambacho mwandishi amekibuni ili aonekane wa kisasa. Ni desturi.

Hwa-rim anaongoza kweli, au ni picha tu ya bango?

Anaongoza. Ndiye anayepokea kazi Los Angeles na kutambua chanzo cha tatizo. Sang-deok anapokataa kwa sababu ardhi ile ni mbaya mno, Hwa-rim ndiye anayeleta njia ya kufanya tambiko na kufukua kwa wakati mmoja. Bong-gil, mwanaume mwenye misuli na maandiko ya kinga yaliyochorwa mwili mzima, anapiga ngoma na kughani kwa ajili yake. Hakuna aliyempa Hwa-rim mchumba, wala hakuna mwanaume anayemweleza kazi yake. Zimwi linalotoka katika jeneza la pili linapomshambulia Bong-gil, anayekuja kusaidia ni kundi la mudang wenzake, wakiwemo Oh Gwang-sim na Park Ja-hye. Wanawake watatu wanazungumza kuhusu kazi, namna mafundi wanavyozungumza.

Kim Go-eun alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya Baeksang na ile ya Blue Dragon, zote za Korea, mwaka huohuo wa 2024.

Udhaifu upo. Katika pambano la mwisho pigo la kuua linatolewa na Sang-deok, mzee wa kiume, huku Hwa-rim akilizuga zimwi kwa maneno. Ukitazama kwa haraka utasema kasukumwa pembeni. Kwa maoni yetu mazungumzo yale ndiyo kitendo kigumu kuliko vyote katika filamu. Amesimama mbele ya kitu kinachokula maini, anajifanya mtumishi wake, na anakihoji kwa Kijapani bila kuruhusu sauti itetemeke.

Tambiko la nguruwe linafanya kazi gani? Mbona ni watano?

Linaitwa daesal gut. Sal ni madhara yanayoruka na kumpata mtu anapogusa kitu kibaya, na gut ni tambiko la mudang. Daesal maana yake kumweka mbadala wa kuyapokea. Wanachaguliwa wachimbaji watano waliozaliwa mwaka wa nguruwe kwa kalenda ya wanyama 12, kisha mizoga mitano ya nguruwe inapangwa, kila mchimbaji na nguruwe wake. Wachimbaji wanapopiga sururu kaburini, Hwa-rim anacheza na kuikata mizoga kwa visu, ili madhara yaingie kwenye nyama ya nguruwe, yasiingie kwa watu. Kabla ya hapo anajipima: anapitisha kisu mwilini mwake kuona kama mungu wake kweli ameshuka. Kisu kikikata, hajashuka.

Kwa upande wa uwakilishi, tukio hili lina uzito kwa sababu halikuigizwa kwa kubahatisha. Waigizaji walifundishwa na mudang wa kweli, na sehemu kubwa ilirekodiwa kwa siku moja kwa kamera nne, kwa kuwa mchezo wa namna ile ukikatwakatwa unapoa. Raba za Converse chini ya vazi la tambiko si kosa la mpanga mavazi. Mudang wa leo wanavaa viatu.

Kama tambiko lilifanikiwa, kwa nini mambo yaliharibika?

Tambiko halina lawama, walioharibu ni binadamu. Mchimbaji mmoja anarudi kufukia shimo, anamkata kwa koleo nyoka mwenye kichwa cha mwanamke. Mvua inanyesha. Maiti haichomwi wakati wa mvua, kwa hiyo jeneza linapelekwa kuhifadhiwa hospitalini. Mwangalizi wa pale anadhani kuna mali ndani na analifungua, ingawa sharti la kwanza lilikuwa lichomwe likiwa limefungwa. Babu anatoka na kuanza kuua wanawe.

Kwa kawaida mzimu wa Kikorea ni msichana wa nguo nyeupe na nywele ndefu. Hapa yuko wapi?

Hayupo, na kukosekana kwake ni uamuzi. Yule msichana, cheonyeo gwishin, ni mwanamke aliyekufa bila kuolewa. Jamii ya Joseon haikumpa mwanamke nafasi nje ya ndoa na uzazi wa kiume, hivyo aliyekufa kabla hakuwa na wa kumfanyia ibada ya mababu. Manung'uniko yake, han, ndiyo yanayomrudisha. Hadithi ya Arang, binti wa afisa aliyeuawa kwa kukataa kubakwa na kisha akawatokea maafisa mmoja baada ya mwingine mpaka apate haki, ni mama wa mamia ya hadithi za aina hiyo.

Exhuma inageuza kibao. Mzimu wa kwanza ni babu tajiri, aliyezikwa kwa heshima zote, msaliti aliyejenga mali kwa kuwatumikia Wajapani wakati wa ukoloni. Wa pili ni shujaa wa vita wa Kijapani. Wote wanaume, wote wakubwa wa enzi zao, na wote wanadai watumikiwe hata baada ya kufa. Wanyonge wamevuka kwenda upande wa pili, wao ndio wanaopunga.

Dini zimetendewaje?

Kwa ukarimu kuliko inavyotarajiwa. Yeong-geun ni Mkristo, mzee wa kanisa, na bado anafanya kazi na mudang bila kumhubiria. Hekalu la Kibuddha lililo karibu na kaburi linawapa hifadhi. Mwanzo wa Jang Jae-hyun ulikuwa The Priests (2015), filamu ya mapadri wa Kikatoliki wanaotoa pepo, kisha akatengeneza Svaha: The Sixth Finger (2019) kuhusu madhehebu ya Kibuddha yaliyopotoka. Exhuma ni ya tatu, na safari hii zamu ni ya mudang. Uislamu haumo.

Wakorea wa Marekani wanaonyeshwa vizuri?

Vizuri nusu. Familia ile inaishi kwa fedha ambazo chanzo chake haitaki kukitaja, na kuhama hakukuivunja laana. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini hawa ni matajiri wa jumba kubwa, ilhali Wakorea wengi waliohamia Los Angeles walianza na maduka madogo, kufua nguo na kushona. Mtu anayewajua kupitia filamu hii tu atadhani wote ni watoto wa wasaliti.

Je, filamu inawabagua Wajapani?

Swali hili ndilo gumu, na jibu letu ni ndiyo kwa kiasi.

Mjapani anaonekana katika sura mbili: mganga wa onmyodo (uaguzi wa kale wa Kijapani) aitwaye Murayama Junji, ambaye Wakorea wa kisa hiki wanamjua kwa jina la Gisune, yaani mbweha, na zimwi lenyewe, oni, lililotokana na shujaa wa vita vya Sekigahara vya 1600. Hakuna Mjapani wa kawaida wa leo mwenye nafasi ya maana. Yaani taifa zima limewakilishwa na wachawi na maiti.

Kwa upande mwingine, zimwi hilo halikupewa ubaya wa asili tu. Nalo lilitumiwa. Mwili wake uligeuzwa kigingi na kusimamishwa ardhini bila ridhaa yake. Na chuki ya kwanza ya filamu inaelekezwa kwa msaliti wa Kikorea, kabla ya Mjapani yeyote kutokea. Ukoloni wa Japani juu ya Korea ulidumu kuanzia 1910 hadi 1945, na ulikataza lugha na majina ya watu. Msomaji ambaye babu zake walitawaliwa na Wajerumani au Waingereza hahitaji kuelezwa kwa nini kaburi la namna hiyo bado linanuka.

Linganisha na The Wailing ya Na Hong-jin (2016). Humo mgeni wa Kijapani, aliyeigizwa na Jun Kunimura, anashukiwa na kijiji kizima, na filamu inamfanya mtazamaji aone aibu ya kushuku kabla ya kumpa sababu ya kuogopa. Hapo pana utata ambao Exhuma haina. Kunimura alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi ya Blue Dragon kwa kazi hiyo, mgeni wa kwanza kufanya hivyo.

Exhuma ilipigwa pia kutoka upande wa pili: mwongozaji wa filamu ya kumbukumbu inayomtetea Rais wa kwanza Syngman Rhee aliishutumu kuwa ni siasa za mrengo wa kushoto za kuchochea chuki dhidi ya Japani. Tiketi zikazidi kuuzwa.

Vigingi vya chuma vilivyopigwa milimani na Wajapani ni historia ya kweli?

Imani ni ya kweli, ushahidi haupo. Wakorea wengi walikua wakisikia kwamba wakoloni walipiga vyuma kwenye migongo ya milima ili kukata nguvu ya ardhi, na miaka ya 1990 kulikuwa na msako wa kuving'oa. Wanahistoria wanaona vingi vilikuwa alama za upimaji wa ardhi au vyuma vya matumizi mengine. Filamu inalijua hilo: Yeong-geun mwenyewe anasema karibu vyote ni vya upimaji. Kisha inauliza: na hicho kimoja kilichobaki je?

Kaburi limewekwa mkoa wa Gangwon karibu na mpaka wa Korea Kaskazini, kwenye uti wa mgongo wa peninsula, ambayo Wakorea huichora kama chui milia aliyesimama. Mbweha kamkata chui kiuno, ndiyo kauli inayorudiwa.

Majina ya wahusika yana maana?

Yana. Ni ya watu waliopigania uhuru. Yoon Bong-gil wa kweli alirusha bomu Shanghai tarehe 29 Aprili 1932. Lee Hwa-rim wa kweli alikuwa mwanamke mpiganaji, na kwa miongo mingi hakutajwa sana kama wenzake wa kiume, kwa hiyo kulirudisha jina lake kupitia mhusika mkuu ni uwakilishi wa aina yake. Kim Sang-deok aliongoza kamati ya kuwachunguza wasaliti mwaka 1949. Namba za magari ni 0301 (vuguvugu la tarehe 1 Machi 1919), 0815 (siku ya ukombozi) na 1945. Sarafu anayotupa Sang-deok kaburini ni ya won 100, yenye sura ya Admirali Yi Sun-sin aliyepigana na Wajapani karne ya 16.

Nani aliigiza zimwi?

Watu watatu. Sura ni ya Kim Min-jun, kimo ni cha Kim Byeong-oh, aliyekuwa mchezaji wa kikapu mwenye urefu wa takriban mita 2.2, na sauti ni ya mwigizaji wa sauti wa Kijapani Rikiya Koyama. Angalau Kijapani cha zimwi kikapewa mwenye lugha.

Watu wenye ulemavu, wahamiaji, mapenzi ya jinsia moja, Waafrika: wamo?

Kwa nafasi ya maana, hapana. Mwishoni kuna harusi ya binti wa Sang-deok na mume Mjerumani, na mzee anawaita wenzake watatu waingie kwenye picha ya familia. Imepita kwa sekunde chache, lakini ni ukoo mpya unapigwa picha.

Mwishoni mwa 2023 Korea Kusini ilikuwa na wakazi wa kigeni zaidi ya milioni 2.5, karibu asilimia 5 ya watu wote, na sinema yake ya kutisha bado haijawaona ipasavyo. Svaha inastahili kukosolewa zaidi kuhusu ulemavu: humo mtoto pacha aliyezaliwa na umbo la ajabu anaitwa "kitu" na kufungiwa bandani, ingawa filamu hatimaye inageuza nani hasa ni mwovu. Kuhusu mapenzi ya jinsia moja, rejea nyuma zaidi: Memento Mori (1999) ya Kim Tae-yong na Min Kyu-dong iliweka mapenzi ya wasichana wawili wa shule katikati ya hadithi ya mzimu.

Nitazame kwa tafsiri gani?

Acha sauti ya asili, soma maandishi ya chini. Filamu inasema Kikorea, Kiingereza na Kijapani, na kubadili lugha ni sehemu ya kisa. Mwanzoni kabisa mhudumu wa ndege anamsemesha Hwa-rim kwa Kijapani. Anajibu kwa Kijapani safi, kisha anasema yeye ni Mkorea. Ikiwa sauti zote zimeigizwa upya kwa lugha moja, tukio hilo linakuwa upuuzi, na baadaye hutaelewa kwa nini Bong-gil aliyepagawa anatisha: anaongea lugha asiyoijua. Amekuwa kiti.

Ukiwa wewe ndiye unayesimulia kwa Kiswahili ukumbini, toa tahadhari kila lugha inapobadilika. Oni usimwite jini wala shetani, zimwi linatosha. Na zimwi hilo linanena kwa lugha ya kikabaila ya zamani, hivyo Hwa-rim amjibu kwa unyenyekevu wa mtu anayemwita bwana mkubwa. Akimjibu "sema wewe", ujanja wake umepotea.

Nataka kuiandikia uchambuzi wa uwakilishi. Nifanyeje?

Itazame mara mbili. Mara ya kwanza usiandike chochote. Mara ya pili chora jedwali: jina, kazi, jinsia, umri, dini, lugha anazosema, nani anamlipa, anaamua nini, anakufa au anapona. Jaza sura kwa sura, zote sita, kwa sababu filamu inabadilika katikati: nusu ya kwanza ni kisa cha familia, ya pili ni cha taifa. Wengi hukosea hapo. Wanahesabu dakika za Hwa-rim kwenye nusu ya kwanza na kutoa hukumu.

Usihesabu wanawake tu, hesabu maamuzi. Kisha tazama waliokufa ni akina nani. Na ufuate kanuni ya vitu vitano (mti, moto, udongo, chuma, maji) hadi mwisho: zimwi ni chuma kinachowaka moto, na kwa hoja ya filamu maji hushinda moto na mti hushinda chuma, hivyo mti uliolowa ndio dawa. Sang-deok anaulowesha mpini wa mti kwa damu yake mwenyewe. Asiyeielewa kanuni hii ataandika kwamba mzee alishinda kwa nguvu za kiume, na atakuwa amekosea.